Khadija, Hadija na Kadzo: Kuunganisha Kumbukumbu za Wagonjwa ni Kazi Yetu Pia

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Usemi huo ni wa kweli, ila maisha ya leo yamenifunza upande wake wa pili: jina lililoandikwa kwa namna mbili laweza kumtia mwenyewe gizani.

Nyanya yangu mzaa mama ni mkaazi wa Likoni. Wazazi wake walimwita Khadija, na ndivyo kitambulisho chake kisemavyo. Yeye mwenyewe, akijitaja, husema Hadija, kama wasemavyo wazee wengi wa rika lake. Miaka michache iliyopita aliugua, tukamvusha kwa feri hadi hospitali moja kubwa ambako aliwahi kulazwa zamani. Karani alimuuliza jina, akamjibu kama alivyozoea. Karani akaandika alivyosikia, akabonyeza, na kompyuta ikajibu kwamba mtu huyo haijui. Akafunguliwa faili jipya. Katika faili la zamani, lililokuwa na jina Khadija, mlikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba mgonjwa huyu ana mzio wa penisilini. Katika faili jipya mstari huo haukuwamo. Muuguzi alikwisha kuitayarisha sindano pale mama yangu mdogo alipouliza ni dawa gani. Lau asingeuliza, huenda makala hii ingekuwa tanzia.

Simlaumu karani yule. Aliandika kwa uaminifu sauti iliyomfikia. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja, na leo naliweka mbele ya wanachama wenzangu na walimu wetu: kutambua kwamba Khadija na Hadija ni mtu mmoja ni kazi ya nani? Rai yangu ni kwamba kazi hiyo ni ya mwanafunzi wa Kiswahili sawasawa na ilivyo ya mtaalamu wa kompyuta, na kwamba sisi tumechelewa kuifika.

Elimu yenyewe na asili yake

Kuna taaluma nzima inayoshughulikia jambo hili. Ni sehemu ya infomatiki ya tiba, yaani elimu ya kukusanya, kuhifadhi na kutumia taarifa za wagonjwa kwa njia ya kompyuta. Tawi linalotuhusu hapa ni lile la kuunganisha kumbukumbu zilizotawanyika. Mwaka 1946 Halbert Dunn, daktari na mtaalamu wa takwimu wa Marekani, alifananisha maisha ya kila mtu na kitabu kinachofunguliwa kwa kuzaliwa na kufungwa kwa kufa. Tatizo, kwa maoni yake, ni kwamba kurasa za kitabu hicho ziko katika ofisi mbalimbali, na lazima apatikane mtu wa kuzishona pamoja. Mwaka 1959 Howard Newcombe, mtaalamu wa jenetiki nchini Canada, alionyesha pamoja na wenzake kuwa kompyuta yaweza kuifanya kazi hiyo ya ushonaji. Kisha, mwaka 1969, Ivan Fellegi na Alan Sunter, ambao walikuwa wanatakwimu wa hukohuko Canada, wakaijengea msingi wa kihisabati unaotumika hadi leo.

Msingi wenyewe haueleweki kwa shida. Ukilinganisha kumbukumbu mbili, kila kipengele kinacholingana huongeza uzito wa dhana kwamba mwenye kumbukumbu ni mmoja, na kila kisicholingana huupunguza. Lakini vipengele havina uzito sawa. Watu wawili wakishirikiana jina adimu, hiyo ni hoja nzito. Wakishirikiana jina Mohamed katika mtaa wa Likoni, hapo hakuna hoja ya maana. Hivyo basi mwenye kuipima mizani hii hana budi kujua ni jina gani lililo adimu na ni lipi lililo la kawaida mahali panapohusika. Jina lililo geni Indiana si geni Kisauni. Tangu hatua hii ya mwanzo kabisa, hisabati inabisha hodi katika mlango wa mwenye kuijua jamii na lugha yake.

Mgonjwa wa Mombasa ni msafiri

Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na bara pande tatu: Likoni kusini, ng'ambo ya feri, Kisauni kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali, na Changamwe magharibi, ng'ambo ya Makupa. Mama mjamzito wa Likoni huanza kliniki karibu na kwake. Uchungu ukiwa mgumu huvushwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Pwani iliyoko kisiwani. Mumewe akipata kazi bandarini na jamaa wakahamia Changamwe, mtoto atachanjwa Port Reitz. Bibi yake akiugua huko Kisauni, mama na mtoto watakaa huko miezi kadhaa, na mtoto akishikwa na homa atatibiwa hukohuko. Kila atuapo huulizwa: unaitwa nani? Na kila karani huandika kama sikio lake lilivyolelewa na lugha yake ya kwanza, awe Mdigo, Mgiriama, Mkamba, Mluo au Mkikuyu.

Kenya haijakaa kitako katika jambo hili. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa kijijini. Kutokana na uzoefu huo, mwaka 2004 ikaanza kuandikwa OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Mwaka 2011 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo Kusini mwa Sahara kuutumia nchi nzima mfumo wa DHIS2, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, baada ya majaribio yaliyofanywa katika Mkoa wa Pwani. Hata hivyo, tutofautishe mambo mawili. Mfumo wa kukusanya takwimu huhesabu watu: watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungulia hospitalini. Kumjua mtu fulani, kwamba huyu wa leo ndiye yule wa jana, ni kazi nyingine, na ndiyo inayosimama au kuanguka kwa jina.

Majina yetu mbele ya kanuni ya kigeni

Tuangalie sasa kanuni moja mashuhuri ya kulinganisha majina. Inaitwa Soundex. Robert Russell aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1918, na hata leo imo ndani ya programu nyingi za kawaida za hifadhidata. Inafanya kazi hivi: huhifadhi herufi ya kwanza ya jina, hutupa irabu zote zinazofuata pamoja na h, w na y, kisha hugeuza konsonanti zilizosalia kuwa tarakimu, hadi tatu. Majina yenye msimbo mmoja huhesabiwa kuwa yanatamkwa kwa namna inayokaribiana.

Tusiidhulumu kanuni hii. Ukiipa Hassan na Hasani hutoa msimbo mmoja; Yusuf na Yusufu vilevile. Lakini ipe Khadija, itakupa K320. Ipe Hadija, itakupa H320. Kwa mujibu wake hao ni watu wawili tofauti, kwa kuwa herufi ya kwanza imebadilika. Kisha ipe jina Kadzo, ambalo ni jina la kike la Kigiriama, na matokeo ni K320. Ndiyo kusema, kanuni inamtenga nyanya yangu na nafsi yake, halafu inamwita kwa msimbo wa mwanamke wa Kigiriama wa Kisauni asiyemjua wala hamjui.

Mifano haiishii hapo. Dzombo akiandikwa Zombo, msimbo hugeuka kutoka D251 kuwa Z510. Akiandikwa Jombo, huwa J510. Omar na Umar hutengana. Kwa upande wa pili, Salim, Salumu, Salma na Salama wote ni S450, wanaume kwa wanawake, kwa sababu irabu zimetupwa. Katika lugha ambayo irabu ndizo zinazotofautisha maneno mengi, kuzitupa ni kulitupa jina lenyewe. Karisa wa Kigiriama na Kariuki wa Kikuyu, majina yasiyo na uhusiano wowote wa asili wala maana, wote wanapewa K620.

Mfano ulionitisha zaidi ni wa mapacha. Ni desturi ya Waislamu wengi wa Pwani kuwaita mapacha wa kiume Hassan na Hussein. Ipe kanuni majina hayo: yote mawili ni H250. Sasa fikiria, ndugu msomaji. Watoto hawa wana baba mmoja, mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, nyumba moja, jinsia moja, na msimbo mmoja wa jina. Mashine inayotumia msimbo huo badala ya jina kamili itaona kila kipengele kinalingana, na itahukumu kuwa ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Ikiwa mmoja ana selimundu na mwenziwe hana, ni nani atakayewatenganisha baada ya mashine kuwaunganisha?

Yapo pia mambo ya mila ambayo hayamo katika sauti. Wagiriama humwita mtoto wa kiume kwa jina la babu yake. Charo Karisa anaweza kuwa baba, na Karisa Charo akawa mwanawe. Programu iliyofunzwa kwamba majina yakipinduliwa ni kosa la karani itawafanya baba na mwana kuwa mtu mmoja. Kadhalika fomu za ofisi hudai jina la ukoo hata kwa jamii ambazo mtu hutajwa kwa jina lake, la babake na la babuye; matokeo yake ni kwamba mwanamke mmoja huandikwa leo kwa jina la baba, kesho la babu, na keshokutwa la mume. Wazee wengi hawajui siku waliyozaliwa, na karani huwaandikia tarehe 1 Januari. Kipengele cha tarehe, ambacho kwingine ni nguzo, hapa mara nyingi ni ukuta wa makuti.

Sasa niulize: katika yote niliyoyataja, lipi lisilofundishwa katika idara ya Kiswahili? Kwamba /x/, kikwamizo cha kaakaa laini tunachokiandika kh, huwa /h/ kwa baadhi ya wasemaji na /k/ kwa wengine, ni somo la fonolojia. Kwamba dz ya lugha za Kimijikenda hutamkwa na kuandikwa vingine na wageni wa lugha hizo, ni somo la lahaja na lugha jirani. Kwamba maneno ya mkopo huongezwa irabu mwishoni, ni somo la mofofonolojia. Kwamba majina hupangwa kwa mila, ni somo la isimujamii. Sharifa Zawawi alituandalia kitabu cha majina ya Waswahili tangu mwaka 1993. Mali tunayo, hatujaipeleka sokoni.

Wasomi waliovuka mipaka

Huenda mtu akasema kuwa hayo ni mambo ya watu wa sayansi. Tutazame wasomi walioijenga taaluma hii walitoka wapi. Newcombe alikuwa mtaalamu wa jenetiki. Dunn alikuwa daktari. Dkt. Martin Were, mzaliwa wa Kenya, alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akajifunza infomatiki katika Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt huku akishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi katika kuwafunza Waafrika taaluma hii. Utafiti wake na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa magharibi mwa Kenya kuhusu watoto wenye virusi vya Ukimwi, ulionyesha kwamba kompyuta ilipomkumbusha mhudumu kazi iliyopitwa na wakati, asilimia 68 ya kazi hizo zilitekelezwa, ilhali pasipo ukumbusho ni asilimia 18 tu. Hiyo ndiyo faida ya kumbukumbu zilizotunzwa vema. Lakini ukumbusho huo hutoka katika faili la mtoto. Faili likiwa si lake, ukumbusho nao si wake. Mwaka 2017 Were alikuwa miongoni mwa waandishi wa tahakiki ya mbinu za kulinganisha wagonjwa, pamoja na Philomena Waruhari na wengineo. Swali la nyanya yangu, kumbe, tayari liko mezani kwa wasomi wetu.

Wako pia wanakompyuta waliovuka kuja upande wetu. Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa kuifunza kompyuta kutambua aina za maneno ya Kiswahili. Wanjiku Ng'ang'a aliandika tasnifu yake ya uzamivu, iliyokubaliwa Helsinki mwaka 2005, kuhusu namna kompyuta itakavyobainisha maana za maneno ya Kiswahili yenye maana zaidi ya moja. Arvi Hurskainen wa Helsinki amekuwa akiishughulikia lugha hii kwa kompyuta tangu miaka ya 1980. Wao wamekuja kwetu wakabisha hodi, wakaketi, wakajifunza ngeli na viambishi. Sisi tumekwenda kwao mara ngapi? Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kimeachwa nyuma na sayansi, na huku mlango wa sayansi uko wazi na unatungoja.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba nambari itamaliza kila kitu. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wananchi walihimizwa kujiandikisha kwa nambari za vitambulisho. Je, hatuhitaji tena majina? Nambari ni msaada mkubwa, wala sina ugomvi nayo. Lakini mtoto mchanga hana kitambulisho. Mtu aliyegongwa na gari Changamwe na kuletwa bila fahamu hasemi nambari. Mwenye kutaja nambari hukosea tarakimu kama karani anavyokosea herufi. Zaidi ya hayo, historia yote ya ugonjwa iliyoandikwa kabla ya nambari hizo imehifadhiwa kwa majina. Mwenye kutaka kuziunganisha karatasi za jana na mashine ya leo atapita katika jina, apende asipende.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami naliheshimu. Si kila tofauti ya jina ni kosa. Wapo wanaotaja jina jingine kwa makusudi, hasa kwa maradhi yenye aibu machoni pa jirani, ili wasijulikane. Kwao jina la pili ni ngao. Tukiwapa wenye kompyuta ufundi wa kuzivunja ngao hizo tutakuwa tumetenda wema gani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 zinaweka mipaka, na ridhaa ya mgonjwa ni sehemu ya mipaka hiyo. Lakini ridhaa ni maneno. Mama wa Mtongwe akiambiwa kwamba data zake zitashirikishwa miongoni mwa mifumo, na akatikisa kichwa, je, ameridhia au amechoka kusikiliza? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi na aelezwe kwa Kiswahili anachokielewa: kwamba kumbukumbu zake za hapa zitaonekana na kule, na nani, kwa sababu gani, na kwamba anayo haki ya kukataa. Kuyatunga maelezo hayo yakawa sahihi na yakafahamika si kazi ya mhandisi. Ni yetu. Kwa hiyo pingamizi hili, badala ya kututoa katika uwanja huu, linatuongezea wajibu.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, idara za Kiswahili zilizo karibu na Pwani zitoe mada za tasnifu kuhusu tofauti za matamshi na maandishi ya majina ya watu wa pwani. Mwanafunzi asiguse faili la mgonjwa yeyote. Vitabu vya majina, kaida za fonolojia na mahojiano ya hiari yanatosha kuandaa orodha ya jozi kama Khadija na Hadija, pamoja na kanuni zinazozizalisha.

Pili, tasnifu hizo zisimamiwe kwa pamoja na idara za kompyuta, ili kanuni zetu zigeuzwe kuwa programu na kupimwa. Kanuni nzuri iziunganishe Khadija na Hadija, iwatenge Hassan na Hussein, na inapotia shaka isihukumu bali imwite binadamu atazame.

Tatu, chama chetu kiandae mafunzo mafupi kwa makarani wa hospitali: kuuliza jina herufi kwa herufi, kulisoma tena mbele ya mwenyewe, kuuliza kama ana namna nyingine ya kuliandika, na kuihifadhi namna hiyo ya pili badala ya kuifuta. Kuuliza si ujinga, na dakika moja dirishani hupunguza hatari kubwa kitandani.

Hitimisho

Tumefunzwa kujivunia kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya biashara na ya umoja wa Afrika Mashariki. Ni kweli tupu. Lakini lugha huheshimiwa pia kwa kazi ndogo inayoifanya mahali ambapo mtu hana nguvu ya kujitetea. Nyanya yangu yu hai, alhamdulillahi. Kila akivuka feri kwenda kliniki sasa hubeba karatasi niliyomwandikia kwa mkono, yenye majina yake yote mawili na dawa asiyoiweza. Ningependa siku moja aiache nyumbani.